Kwanza Iite

Kaka yangu ni fundi simu, na ana jambo moja linalowaudhi wateja. Hata kama umeleta simu kubadilishwa kioo tu, hakupi mpaka aipigie. Anaiweka mezani, anakunja mikono, anasubiri. "Kwanza iite," anasema. Watu husonya. Mmoja alimwambia, "Fundi, mimi nimeleta kioo, sikuleta masikio!" Mimi ndiye ninayewapokea wateja, na mdomo wangu haujui kutulia, lakini kwa hilo simwambii neno.

Zamani ugonjwa wake ulikuwa kasi ya intaneti. Simu yake aliifuta mfumo wa kiwandani, akaweka mwingine alioutoa mtandaoni, akawa anaipima asubuhi na jioni kama mtu mwenye homa. Nilimcheka mpaka nikachoka.

Kisha mama akalazwa mji mwingine. Mama mdogo, aliyekuwa anamuuguza, alitupigia kwa video kila alasiri, na kila alasiri picha iliganda. "Mwanangu, naona kidevu tu," mama alisema. "Uso umeuacha wapi?" Mimi nilicheka, kaka hakucheka. Aliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, akailazimisha simu yake ishike 4G peke yake.

Loo! Mama akaonekana vizuri, hadi mikunjo ya shuka. Siku tatu walitazamana hivyo, na kaka akawa hata chakula anakula.

Ubaya wake aliujua, maana wateja aliwaonya yeye mwenyewe: simu iliyobadilishwa mfumo kama ile, ukiifunga kwenye 4G, intaneti inapaa lakini simu za kawaida haziingii. Kwa hiyo kila walipomaliza kuongea aliifungua. Siku ya nne hakuifungua. Alisema mama asije akapiga video ghafla akakuta picha imeganda tena.

Siku hiyohiyo mama alizidiwa. Kifurushi cha mama mdogo kilikuwa kimekwisha, akapiga simu ya kawaida, mara kumi na moja. Simu yangu mimi ilikuwa imefunguliwa tumbo wiki nzima ikisubiri kioo, maana fundi hana haraka na wa kwao. Tulikaa palepale, simu ya kaka iko karibu na kiwiko chake, mtandao umejaa, kimya. Mwishowe mama mdogo akampigia jirani yetu mshonaji, aliyewahi kumshonea gauni. Mshonaji aliingia ameshika simu, akamwekea kaka sikioni.

Mama alikuwa ameshatutoka.

Nilimfokea kaka yangu maneno ambayo mpaka leo yananiuma. Lakini hayo hayakumvunja. Kilichomvunja ni pale mama mdogo alipotusimulia jinsi mama alivyokuwa anamuulizia mwanawe. Kila sauti iliposema hapatikani, mama mdogo alikasirika, na mama akamtuliza.

"Usimlaumu," alimwambia. "Simu yake imeharibika tu. Mwambieni aipeleke kwa fundi."