Ng'ombe wa Dada Yangu Wamenizibia Njia ya Masjala ya Siri

(Jina la msomaji huyu tumelificha kwa ombi lake.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na minane, nina mke na binti mmoja. Kwetu ni milimani, upande wa Mbeya, lakini kazi yangu ni ukarani hapa bomani Iringa. Silewi, sichezi kamari, na hakuna duka hapa mjini linalonidai hata senti. Nayasema haya mapema kwa sababu leo naitwa mdaiwa, tena mwongo.

Hivi karibuni nilichaguliwa kuhamia masjala ya siri, chumba yanamofungiwa mafaili ya serikali yasiyosomwa na kila mtu. Mshahara unapanda, na nyumba unapewa. Ila kabla hujakabidhiwa ufunguo, unachunguzwa mpaka kwenu ulikozaliwa. Nikasema wachunguze tu, mimi nina nini cha kuficha? Kumbe!

Askari kanzu alikwenda mpaka Iyunga, kule kwetu Mbeya, akamkuta shemeji yangu, mume wa dada. Jamani, yule mtu ana mdomo! Alimweleza yote. Dada alimkimbia mwaka jana kwa sababu ya kipigo, akaja kwangu Iringa akiwa hana meno mawili ya mbele. Shemeji akashtaki barazani, na baraza likaamua arudishiwe mke au arudishiwe ng'ombe wake wa mahari. Sasa ng'ombe wenyewe wako wapi? Kwetu, ng'ombe waliomwoa dada ndio wanaomtolea kaka mahari. Waliingia zizini kwetu asubuhi, jioni wakaswagwa kwa wakwe zangu. Na wakwe nao wameshamwozea kijana wao kwa ng'ombe haohao.

Basi Bwana Shauri, mkubwa wetu hapa bomani, akaniita. "Kuna mtu anakudai?"

"Hakuna, bwana," nikajibu kifua mbele. Mungu ananiona, sikuwa nadanganya. Mambo ya ng'ombe kwetu ni mazungumzo ya ukoo, yanaweza kuchukua miaka, na hakuna anayeyaita deni.

"Na wale ng'ombe wa Iyunga?"

Akasema mtu mwenye deni ni rahisi kununuliwa, na anayelificha ni rahisi zaidi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao nimletee cheti cha baraza kwamba shauri limekwisha. La sivyo masjala niisahau, na hata kiti nilichonacho atakitazama upya.

Ninunue ng'ombe wengine kwa mshahara wa karani? Nicheke au nilie? Nikamgusia mke wangu kwamba pengine wazazi wake wangerudisha hata wachache. Akaweka mwiko chini. "Baba Esta, ng'ombe wakirudi, na mimi narudi. Sema basi, nifunge mizigo." Hajakosea, ndivyo desturi ilivyo.

Dada alikuwa uani anachambua mboga, akasikia kila neno. Hakulia. Kesho yake akaniambia, "Mdogo wangu, acha kuhangaika. Nitarudi Iyunga. Safari hii nitajifunza kunyamaza."

Nilitaka kumwambia haendi mtu popote. Badala yake nikavaa viatu nikaenda kazini. Nilikuwa naiwaza ile nyumba ya serikali, wasomaji, na binti yangu akicheza kwenye sakafu ya saruji. Nitukaneni mkitaka, hata mimi najitukana. Lakini nikikosa kazi, sisi sote wanne tutakula nini?

Tangu siku hiyo dada amefunga nguo zake kwenye kanga, anangoja nauli ya basi tu. Kila nikitoka kazini ananiuliza, "Imepatikana?" Namjibu bado. Nauli ninayo mfukoni, na wala siwezi kumpa, wala siwezi kumwambia afungue mzigo.

Jamani, hebu mmoja wenu anisaidie mdomo. Leo jioni ataniuliza tena. Nimjibu nini?