Mume Wangu Si Boyi

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja macho yangu yalipoanza kuniacha. Nilikuwa nafundisha ushonaji katika shule ya wasichana ya masista, pale Uvira, na mwanzoni uzi ulipokataa kuingia kwenye sindano niliilaumu sindano. Halafu ubao ukafunikwa na ukungu hata saa sita za mchana. Mwishowe wanafunzi wangu wakazoea kusema kwanza wao ni nani, ndipo waulize swali lao. Hapo nilikubali kwenda hospitali.

Daktari alinimulika kwa tochi ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa wazee ni kawaida, alisema, lakini kwangu ugonjwa umekuja mapema, na hapa hakuna mtu wa kunipasua. Hospitali ya macho ilikuwa Bulaya, kwa wazungu. Masista waliahidi nauli yangu na kitanda katika nyumba yao kubwa ya huko. Daktari akaandika barua, akaigonga muhuri.

"Utaenda na nani?" muuguzi wake aliniuliza wakati ananifungulia mlango.

"Na bwana yangu."

"Lakini bwana yako iko Murundi. Utamutolea wapi makaratasi?"

Kweli, alikuwa Murundi. Lakini tulipooana neno hilo halikuwa na uzito wowote. Siku zile Ruzizi, kati yetu na Warundi, ulikuwa mto tu. Wazungu wale wale walitawala pande zote mbili, na kijana wa ng'ambo aliyekuja kutengeneza mashine za pamba huku kwetu bondeni, njia ya Luvungi, alikuwa fundi kama mafundi wengine. Baba yangu aliuliza kama anakunywa pombe na kama anasali. Hakuuliza kitu kingine. Kisha kwetu tukapata uhuru, na wao wakapata wa kwao, na katikati ya chakula cha mchana na cha jioni mume wangu akawa mgeni. Tulicheza ngoma kwa uhuru wa pande zote mbili. Sikujua kuwa nacheza kwenye mpaka.

Watu walimwita fundi, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita mwalimu. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hatukuwa baba fulani na mama fulani. Nalisema hili kwa sababu lilikuja kutumiwa dhidi yetu.

Fundi alivuka kwenda kwenye mlima wa baba yake, ndiyo kijiji kwao, akapata watu wa kumtambua, akarudi na pasipoti mpya ambayo bado ilinukia gundi. Alikuwa ameuza pikipiki yake kwa ajili ya nauli. Tukapanda gari kwenda Bujumbura, kwenye ubalozi wa nchi moja ya Bulaya. Sitaitaja. Wenyewe wanajijua.

Karani aliyetupokea alikuwa mtu wetu, Mwafrika, mwenye sauti laini na viatu vilivyolia kila alipotembea. Viza yangu ilikwenda haraka: barua ya daktari, barua ya masista, muhuri. Alipofika kwenye pasipoti ya mume wangu, viatu vikasimama.

"Huyu iko nani kwako, mama?"

"Bwana yangu."

"Karatasi ya ndoa?"

Nikampa cheti cha padri. Akasema kanisa si serikali. Akauliza watoto wako wangapi. Nikasema hakuna. Akauliza nyumba ni ya nani. Nikasema ni ya shule. Nilimsikia akiandika. Akaingia ndani kwa konsula, mkubwa wake mzungu, akakaa, akatoka na jibu kwa Kifaransa: mgonjwa aende, lakini huyu bwana hapana. Hana mtoto, hana nyumba, anaishi katika nchi isiyo yake. Mtu kama huyo akifika Bulaya harudi.

Fundi hakujua Kifaransa. Nilimtafsiria kila neno, na nilisikia kofia yake ikizunguka vidoleni.

Karani alituonea huruma, nasema kweli. Alitusogelea, akashusha sauti. "Musikilize. Kuko njia. Tuandike kama huyu iko boyi wako. Mgonjwa anasafiri na boyi wa kumuongoza, masista wanasaini, inapita. Viza ya boyi haina maneno mengi."

Mume wangu alisema mara moja, "Aandike. Ni karatasi tu, mwalimu."

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilikataa. Dada yangu aliniuliza mpaka anakufa. Baba yangu alikuwa boyi wa wazungu miaka ishirini na miwili. Alipika, alifua, aliitwa kwa kengele, na kazi yake ndiyo iliyonisomesha. Siidharau. Lakini mama yangu aliwahi kwenda kumtembelea pale kazini, na ili aruhusiwe kuingia uani, baba alisema huyu ni dada yake, si mke. Mama alitueleza jambo hilo akicheka, kila mwaka, na kila mwaka kicheko kilikuwa kifupi zaidi.

Nikamwambia karani, "Hapana. Andika mume."

"Mama, nikiandika mume wanakataa."

"Basi wakatae mume. Wasikubali boyi."

Nikachukua pasipoti yangu, nikaipapasa mpaka nikapata ule ukurasa uliokuwa bado na unyevu wa wino, nikamrudishia. "Na hii ya kwangu futeni."

"Muhuri haufutwi."

"Utakufa wenyewe, basi." Viza ile ilikuwa ya miezi mitatu. Niliiacha ife.

Tukapanda gari kurudi Uvira, tukafika darajani. Pale fundi alianza kucheka peke yake. "Weye mwanamke," alisema. "Utaniua." Lakini alinishika kiwiko tukishuka kwenye gari, na hakukiachia mpaka nyumbani.

Masista waliudhika. Daktari aliudhika zaidi. Mimi niliendelea kufundisha kwa vidole, na uzuri wa kushona ni kwamba pindo baya huwezi kulificha mkononi mwangu.

Kisha uasi ukafika. Kwanza tuliusikia bondeni, halafu ukashuka kutoka milimani, na asubuhi moja mji ulikuwa na wenyewe wengine. Masista walikuwa wameondoka. Waasi waliwawinda waliosoma: mtu mwenye kalamu mfukoni alitafutwa kama mwizi, na walimu walivunja miwani yao wenyewe. Nyumba ya mwalimu mwenzangu ilichomwa kwa sababu ya rafu ya vitabu. Pasipoti, karatasi yenye muhuri wa wazungu, ilikuwa hukumu ya kifo. Nilizishona zetu zote mbili ndani ya blauzi yangu, kati ya kitambaa na bitana, kwa kupapasa tu, na namshukuru Mungu kwamba sikuhitaji taa kwa kazi hiyo. Tukaamua kuvuka mto kwenda kwao fundi.

Kabla ya mpaka, upande wa Kavimvira, waasi walikuwa wameweka gogo barabarani. Kamanda wao alikuwa kijana, kwa kumsikia sauti yake. Nilisikia harufu ya bangi na ya mafuta ya gari.

"Weye unaenda wapi?"

"Natafuta dawa ya macho."

"Na huyu?"

"Bwana yangu."

"Huyu hasemi kama sisi. Iko muntu wa ng'ambo."

"Iko muntu wa ng'ambo," nilisema. "Na iko bwana yangu."

Mtu mmoja akamtambua fundi, kwamba ndiye yule wa mashine za pamba. Wao walikuwa na kamyo ya kubeba mizigo iliyokufa pale pale kando ya barabara. Kamanda akaamua haraka. "Mama, vuka. Huyu anabaki, atengeneze."

"Minye sivuki."

"Nakupa ruhusa, unakataa?"

"Ndiyo, nakataa."

"Utaona nini hapa, weye kipofu?"

"Sioni kitu. Ndiyo sababu nangoja mwenye kunionesha."

Wakacheka wote, lakini kicheko cha watu wenye bunduki hakikuambii lolote. Nilikaa chini, karibu na gogo, juani. Mwanamke wa nyumba ya jirani aliniletea bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akaninong'oneza nivuke, mume atanifuata. Nikamshukuru, nikala, nikabaki. Nilikaa siku tatu, na kila nilipoketi vizuri karatasi zilinong'ona kidogo ndani ya blauzi, na mimi nikakohoa kuzifunika. Niliogopa. Nisije nikadanganya hapa nilipozeeka: niliogopa sana. Lakini woga na kuondoka ni vitu viwili.

Fundi alikuwa ameomba jambo moja tu, afanye kazi mahali anaponiona. Nilimsikia chini ya ile kamyo akigonga, na kila baada ya muda alipiga mara mbili kwenye bati, kunijulisha yupo. Siku ya tatu injini ikakohoa, ikashika. Vijana wakapiga kelele za furaha, wakapanda wote. Kamanda alinijia. "Chukua bwana yako, mama. Muende sasa, mbele sijabadili roho." Hatukungoja aseme tena.

Bujumbura tulifikia mtaa wa Buyenzi, kwa binamu ya fundi. Na ubalozini karani alikuwa yule yule, na viatu vile vile.

"Mama!" alisema. "Sasa weye ndiye mgeni. Weye ni mkimbizi, yeye iko kwao."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Alisema kweli. Mto ule ule, watu wale wale, na tumebadilishana ugeni kama watu wanaobadilishana viti. Sasa mimi ndiye ambaye wangeweza kumnyima viza. Lakini masista wa Bulaya walikuwa wameandika upya, na daktari wa macho wa huko aliandika pia, akaniombea. Yangu ilitolewa tena. Ya mume, hapana. Sababu ziligeuzwa kidogo: bibi ni mkimbizi, hana pa kurudi, wakienda wote wawili watabaki wote wawili.

Basi tukaanza kwenda kila siku. Asubuhi tuliketi kwenye benchi, saa sita wakafunga, tukaondoka, kesho yake tukarudi. Mlinzi alitufukuza, tukaketi kwenye ngazi za nje. Alichoka yeye kwanza. Karani alijaribu mara moja zaidi: "Ile ya boyi, mama, bado inawezekana." Nilimwambia asilirudie neno hilo mbele yangu, na hakulirudia tena.

Wiki ya tano konsula mwenyewe alisimama mbele yetu. Alijua Kiswahili cha kuamuru, kama wengi wao. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mume wangu: "Nitajua namna gani kama weye ni bwana yake kweli?"

Nilifungua mdomo kujibu, fundi akanigusa goti. Akasema taratibu:

"Asubuhi namuambia nguo hii iko kijani, ile iko nyekundu. Namuambia kikombe kiko mkono wa kuume. Namuambia nani anaingia na kama amekunja uso. Kule watamufunga macho siku nyingi, na kichwa asigeuze. Nani atamuambia kikombe kiko wapi?"

Konsula akasogea karibu. Kisha akauliza, sijui kwa kumtega au kwa kumjaribu, "Ngazi za nyumba hii ni ngapi?"

"Tisa. Ya ine imevunjika upande. Anaweza kuanguka."

Nadhani konsula hakuwahi kuiona. Nilisikia akienda mlangoni, akasimama, akarudi. Akamwambia karani kwa Kifaransa: siku thelathini, matembezi, mume wa mgonjwa. Nilisikia kila neno. Nilimwomba karani anisomee alivyoandika, kisha nikamwomba anisomee tena.

Bulaya yenyewe niliijua kwa baridi na harufu ya dawa ya kufulia. Walinipasua, wakanifunga macho yote mawili, wakaweka mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa changu nisitikisike. Fundi alikaa kwenye kiti. Alinieleza dirisha, mti usio na majani, mwanamke wa kitanda cha pili anayelia bila sauti. Nilipolala yeye alitengeneza magurudumu ya vitanda vya wodi, kwa sababu kelele yake ilimkera, na mkubwa wa masista akamwita, akamwambia atampa kazi pale pale, na nyumba. Alikuja kuniuliza.

"Weye unataka?" nilisema.

"Hapana. Kuna baridi, na samaki wao hana ladha. Weye?"

"Hapana."

Ndivyo tulivyozungumza jambo ambalo maofisa walilihofia miezi yote ile. Jicho la kushoto lilipona. La kulia lilipata uchafu, likapotea. Walinipa miwani mizito kama vitako vya chupa, nikamtazama mume wangu: alikuwa ameota mvi na hakuwahi kuniambia. Tulishuka Bujumbura siku ya ishirini na nane.

Uvira tulirudi jeshi lilipokwisha kuuchukua mji. Nyumba yetu haikuwa na milango wala madirisha, na mtu alikuwa amefuga mbuzi sebuleni. Jirani mmoja, mama aliyebaki kipindi chote, alikuja kusimama kwenye uwazi wa mlango. Alituangalia, akaangalia mavi ya mbuzi, akaangalia tena miwani yangu.

"Mulifika Bulaya," alisema, "na mukarudi ku hii?"

"Ndiyo," nilisema, nikamwomba ufagio.