Mkanda Usiovutika

Mkanda wangu mpya uko mzima kabisa. Kila kitu kingine kimeharibika.

Wiki jana nilienda Bwera kununua mkanda wa kuvutia gari likizama kwenye matope. Muuzaji akaniwekea miwili. "Hajji, kamata hii yenye kuvutika kama mpira. Iko muzuri."

Nikacheka. Nikamwambia huo ni wa kufungia mbuzi. Nikachukua ule mgumu, usiovutika hata kidogo.

Jamani.

Leo pikapu yangu imezama njia ya Kyondo, imebeba kahawa ya mama mkwe. Kahawa kavu, ya msimu mzima!

Shemeji Bwambale akaja na Landkruza yake kuniokoa. Tukafunga mkanda kwenye bampa yake ya nyuma. Mimi nikasimama pembeni na simu, nipige picha niwaringie nyie hapa mtandaoni.

Akakanyaga mafuta.

Paa!

Mkanda haukukatika. Bampa ya shemeji ndiyo iling'oka, ikaruka, ikapasua kioo changu cha mbele. Kumbe ule wa kuvutika ndio unaomeza mshtuko. Huu wangu uliupeleka wote kwenye bampa ya watu.

Pikapu haijasogea hata kidogo. Na sasa mvua inanyesha juu ya magunia.

Shemeji amekaa juu ya bampa yake, haniangalii. Amesema neno moja tu: "Si bora ungekatika."

Simu inaita. Ni mama mkwe.

Nyie mngepokea?