Alasiri Baba Aliposhuka Nguzoni

Harufu ya kitambaa kibichi kinachopigwa pasi ndiyo inayonirudisha Majengo, mtaa wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, nilikokulia. Ni harufu nzito ya mvuke na wanga, nayo katika Ramadhani ya mwaka 1987 ilijaa kwenye baraza la mafundi cherehani tangu asubuhi hadi futari. Mwaka ule mfungo uliangukia mwezi wa Mei, masika yakiwa bado hayajaaga, na kila alasiri mawingu yalipanda kutoka ziwani yakiwa meusi kama udongo wetu wa volkano. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na sikuwa nimekanyaga darasani. Shule niliianza nikiwa mtu mzima, na huenda ndiyo sababu hadi leo sipendi kusimulia jambo bila tarehe yake.

Baba yangu alikuwa fundi umeme. Alizaliwa Kigoma, akazungumza Kiswahili kilichonyooka ambacho watani wake walikiita cha redioni. Mama alitia vifungo na kukunja pindo kwa Fundi Sadiki, mwenye baraza, ambaye cherehani zake za umeme zilikuwa fahari ya mtaa mzima. Kanzu na magauni ya Idi yalirundikana pale hadi kwenye vizingiti, na miongoni mwake lilikuwamo gauni langu la manjano. Kwa hiyo upepo wa Alhamisi, tarehe 21 Mei, ulipovunja tawi la mkalitusi, na tawi likaukata waya ulioleta umeme kutoka nguzo ya barabarani hadi darini kwa Sadiki, palitokea kilio kidogo. Baba aliitwa. Akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akafungua kisanduku cha nguzoni, akazing'oa fyuzi na kuzitia mfukoni mwa koti lake mbele ya macho ya kila mtu. Ndipo akapanda na kuanza kuuandaa mkia wa waya uliotoka darini, ili auunge tena nguzoni.

Hakuwa amemaliza kuumenya radi iliponguruma upande wa Goma. Ilikuwa ngurumo ya mbali, kama mtu anayeburuta kabati katika nyumba ya tatu. Baba aliufungia waya kwenye ngazi, akashuka, akaja kuketi barazani, mikono juu ya magoti. Mvua ilianza muda si muda. Sadiki, kama ilivyo desturi kwetu radi inapopita, alikifunika kwa kanzu kioo kirefu cha kupimia nguo, akakusanya vitambaa vyote vyekundu na kuvificha chini ya meza. Kisha akamgeukia baba.

"Bon, Baba Zaina, mvua iko kule kwa Goma. We unakimbia nini?"

"Nikiisikia, inaweza kunifikia, Fundi. Acha ipite."

"Batoto batavala nini siku ya Idi? Batavala subira yako?"

Watu walicheka. Baba alitazama mvua. Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake: "Fundi Sadiki, kioo umekifunika ili radi isikione. Na mume wangu unataka apande juu akaonekane?" Sasa kicheko kilimgeukia Sadiki mwenyewe. Aliguna, akaingia ndani na kuufunga mlango, nasi tukadhani amekwenda kununa.

Mvua ilitulia. Ngurumo zilipungua, zikanyamaza, na mafundi wakaanza kumwangalia baba kwa yale macho ya watu wanaosubiri. Aliinuka. Alikwisha kuishika ngazi mkono mmoja, akisikiliza, wakati ngurumo moja ya mwisho, hafifu mno, ilipopita nyuma ya vilima. Mtu mmoja alisema hiyo si kitu. Baba aliiachia ngazi akarudi kuketi. Nakumbuka jinsi fundi mmoja alivyofyonya, na jinsi mama alivyousogeza mkeka ili baba apate nafasi kando yake.

Papo hapo balbu ya barazani ikawaka. Watu walipiga makofi, wakamshukuru Mungu, na mmoja akakimbilia pasi. Baba hakufurahi. Aliitazama balbu, akautazama waya uliokatika pale kwenye ngazi, kisha akaingiza mkono mfukoni na kuzitoa fyuzi. "Umeme wa nguzo ninao hapa," alisema. "Huu umetoka wapi?"

Tuliponyamaza ndipo tulipousikia mtambo. Sadiki alitoka akitabasamu. Asubuhi ile mpwa wake alikuwa amemvushia mpakani jenereta, kifaa ambacho watu wa Goma hukiita gurupu, naye alikuwa ameichomeka kwenye tundu la ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Baba alimweleza taratibu, kama anayemsomea mtoto: umeme ulioingia ukutani haukuishia kwenye balbu. Umepanda darini, umetoka kwa njia ileile ambayo wa nguzo huingilia, na sasa uko katika ule mkia wa waya. "Nilikuwa nimeushika kwa vidole hivi," alisema. "Ningekuwa nimeushika tena."

Mama aliiacha sindano ikaanguka. Sadiki alirudi ndani, mtambo ukanyamaza, balbu ikazimika. Alipotoka alikuwa na ule waya wa plagi mbili mkononi. Alichukua mkasi wake mkubwa, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuutumia hata kukatia karatasi, akaukata waya vipande vifupi vifupi, makali yakiharibika mbele yetu. "Baba Zaina," alisema, "kaa chini mpaka we mwenyewe uone ni muzuri."

Baba alikaa. Alipopanda hatimaye, mbingu ilikuwa imenyamaza kabisa, na bado aliupima waya kwanza. Tulifuturu akiwa kati yetu, na mama alimmiminia uji mara mbili bila kuulizwa.

Baba aliishi hadi uzeeni. Mwaka 2010, nilipotunukiwa cheti changu cha sekondari, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa ameketi safu ya mbele kando ya mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, akipiga makofi baada ya wengine wote kuacha. Wenzangu wa rika langu huusifu wakati uliopita. Mimi nausifu huu wa sasa, wenye simu zinazotuonya juu ya dhoruba, glavu nene, na swichi zisizoruhusu jenereta na umeme wa nguzo kukutana. Aprili iliyopita dhoruba ilitukatia umeme tena, na mafundi wakachelewa kuurudisha kwa sababu ngurumo hazikukoma. Majirani walilalamika. Mimi nilikaa katika giza lile kwa moyo mweupe kabisa, maana nilijua kwamba mahali fulani mjini, baba wa mtu fulani alikuwa ameketi chini.