Neno Juu ya Mfuniko

Mimi nina mdomo. Mtaa mzima wa Ng'ambo unajua, na mume wangu anajua zaidi. Ndiyo maana mpaka leo sielewi siku ile mdomo huu ulinyamazaje.

Biashara yetu ya asali ilikuwa ya watu wawili. Mimi napokea ndoo kutoka kwa warina asali, nachuja nyumbani, napeleka dukani mjini kwa mwenzangu. Yeye ni Mwarabu wa hapa hapa Tabora, kanizidi umri, namwita dada. Siku ya kwanza alitoa kijiti kirefu nyuma ya mlango, akakizamisha ndani ya ndoo yangu mpaka chini, akalamba aone kama nimechanganya kitu. Nilichemka! "Unanionaje, dada? Tapeli?"

Akacheka. "Wallahi sikujui bado, mdogo wangu."

Basi nikamwambia, kuanzia leo kasoro ya kila ndoo nitaiandika mwenyewe. Na kweli niliandika juu ya mfuniko, kwa kalamu ya wino mzito: imetoka wapi, nani karina, ina nini. "Ya Isikizya. Imeingia moshi." Majirani walinicheka, eti nani anatangaza ubovu wa mali yake? Lakini dada aliwasomea wateja mifuniko kwa sauti, kasoro na yote, na wateja wakawa hawaendi kwingine. Nikiandika "Imeiva", hakuna aliyefungua kuhakikisha. Mwaka wa pili kile kijiti sikukiona tena.

Mume wangu ana mizinga porini, upande wa Tura. Msimu mmoja alisikia kuna wezi wa mizinga, akaingiwa na hofu, akarina kabla nyuki hawajaziba masega, asali ikiwa bado na maji, ya kuchacha upesi. Asali ikaja nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Alikaa anatazama mikono yake iliyovimba kwa kuumwa na nyuki.

"Usiandike kwamba haijaiva," akasema mwishowe. "Jina langu linasomwa pale dukani. Warina wenzangu watanifanya kichekesho."

Nilimwonea huruma, jamani. Ni hilo tu. Nikashika kalamu, nikaandika jina lake, kisha: "Ya Tura. Imeiva."

Dada aliziuza ndoo zote kwa mama mmoja mwenye duka Dodoma. Baada ya wiki chache mama yule alirudi na treni, akaitua ndoo moja mezani. Nilikuwepo. Mfuniko ulikuwa umetuna. Alipoufungua povu likafurika mpaka sakafuni, na harufu ya pombe ikajaa duka zima.

Dada aliuchukua mfuniko, akausoma kwa sauti ile ile ya siku zote. "Ya Tura. Imeiva." Kisha akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunifokea. Laiti angenifokea, ningejitetea, tungegombana, yangekwisha! Alichukua tambara akaanza kufuta sakafu, na nilipoinama nimsaidie akasema, "Acha tu."

Hakunipigia simu tena. Nilijaribu kuuza mwenyewe barabarani, lakini bila sauti yake asali yangu ilikuwa asali kama ya yeyote, watu wanainusa na kupita. Nilikuwa nazunguka mbali nisipite mbele ya duka lake, halafu nakuta nimepita. Sikuwa nalilia wateja. Nilikuwa namlilia yeye, mtu aliyekuwa akichukua neno langu kama lilivyo.

Msimu uliofuata mume wangu alirina kwa wakati. Nikabeba ndoo moja, na kabla ya kutoka niliandika mpaka mfuniko ukajaa: "Ya Tura. Karina mume wangu. Imeiva. Ile ya msimu uliopita haikuiva, na mimi nilijua."

"Shikamoo, dada," nikamwamkia pale dukani.

"Marahaba."

Alisoma kimya kimya. Wateja wawili walikuwa wamesimama, hakuwasomea. Nilingoja, nikimwomba Mungu aseme lolote. Akaenda nyuma ya mlango. Alirudi na kile kijiti, anakifuta utando wa buibui kwa pindo la mtandio wake.

Mdomo wangu wote huu, safari hii haukumuuliza, "Unanionaje?" Nilifungua mfuniko kwa mkono wangu mwenyewe.

"Zamisha, dada," nikamwambia. "Mpaka chini."

Akazamisha.