Mimi, Mavyaa na Kwale wa Ibra

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliishi Ibra, Oman, na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, sisi wawili tu ndani ya nyumba ya vyumba sita. Mume wangu alikuwa na kazi Maskati. Akiondoka Jumamosi alfajiri na kurudi Jumatano jioni, maana wikendi zetu wakati ule zilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Bavyaa, baba wa mume wangu, alikwisha kufariki. Mimi nilikuwa nafundisha skuli ya wasichana, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zangu zote zilikuwa za mavyaa.

Hatukuwa na ugomvi. Tulikosa cha kuzungumza tu. Yeye mzaliwa wa Pemba, kakulia Unguja mjini. Mimi nimezaliwa Bujumbura, na Kiswahili changu aliona kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya chumvi. Siku moja nilimwambia nimekata nyanya tatu kwa ajili ya mchuzi. Akaacha kuchambua mchele.

"Nyanya tatu? Bibi za nani hao?"

"Hizi hapa, mama. Za mchuzi."

"Hizo tungule, mwanangu."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima.

Basi wakati wa baridi ukaingia, na asubuhi ukifungua dirisha la jikoni unawasikia kwale wakiitana kwenye vilima vya mawe nyuma ya nyumba. Mavyaa alisimama pale dirishani kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Akaniambia utotoni Pemba shangazi yake alikuwa akimpikia kwale kwa nazi, na kwamba hawa kuku wa barafu wa dukani, wallahi, ni kama kutafuna pamba.

"Nataka kwale," akasema.

Nikamwambia tutawaomba majirani, wanaume wanaokwenda kuwinda Ijumaa. Akanitazama kama nimemtukana.

"Niletewe kwenye sahani na salamu khamsini? Sitaki. Wewe si unaendesha gari?"

Kuendesha gari na kuwinda aliona ni mambo ya fungu moja. Sikubisha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hilo ndilo jambo la kwanza aliloniomba.

Tulinunua bunduki ya upepo Nizwa, tulipokwenda kumtembelea dada yake Manah. Muuzaji sokoni aliniuliza kwa Kiarabu, "Ya mumeo?" Nikamjibu, "Ya mama yake." Akacheka, akatuonyesha jinsi ya kukunja mtutu na kutia kirisasi, kisha akageukia mteja mwengine. Hayo ndiyo mafunzo yote tuliyowahi kupewa.

Kwa wiki nzima nililenga makopo ya maziwa ya unga juu ya ukuta wa uani. Mavyaa alikaa kwenye kigoda nyuma yangu akitoa hukumu. "Juu." "Juu tena." "Hiyo sijui imekwenda wapi." Hiyo ilikuwa imekwenda kwenye dirisha la choo. Tulilipa kioo kipya kabla ya Jumatano na mume wangu hakujua kitu. Mwisho wa wiki nilikuwa napata kopo moja katika kila matatu, tukaona tumeiva.

Mara ya kwanza tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mavyaa alipakia kwenye pikapu mkeka, chupa ya kahawa, tende, halua, mto wa kuegemea na redio. Nikamwomba aiache redio. Tulikaa chini ya jabali, tukanywa kahawa, akanisimulia harusi ya binamu yake tangu posa hadi fungate. Kwale walituona, walitusikia, na nadhani halua pia waliinusa. Wakaruka kundi zima, frrr, kabla sijakunja mtutu. Mavyaa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukingo wa shela yake.

Mara ya pili tulichelewa, jua likawa kali, mawe matupu. Mara ya tatu nikaanza kutumia macho. Niligundua kwamba kwenye bonde dogo upande wa pili kulikuwa na kidimbwi kilichobaki na mvua, na mchanga wa kando yake umejaa nyayo za vidole vitatu na vinyesi vibichi. Niligundua pia kwamba tukipita juu ya kilima tunaonekana kutoka mbali, wanawake wawili weusi tii kwa mabaibui juu ya mawe ya rangi ya biskuti.

"Basi tuvae rangi ya mawe," akasema mavyaa.

Sandukuni kwake mlikuwa na kanzu za marehemu, kanzu za Kiomani za rangi ya udongo alizokuwa akivaa msimu wa baridi. Alinipa moja, naye akavaa moja, kichwani akajifunga kilemba. Akatoka chumbani. Alijitazama kwenye kioo cha ukumbini, akainyoosha kola polepole.

"Alikuwa mwembamba kuliko mimi," akasema. "Haya, twende."

Njiani kule bondeni tulikutana na mchungaji na mbuzi zake. Akanyanyua mkono kwa adabu. "Salamu alaikum, ya shaiba!" Alimdhani mzee wa kiume. Mavyaa, bila kusita, akajibu kwa sauti nzito iliyotoka sijui wapi, "Wa alaikum salaam, mwanangu," akapita kifua mbele. Tulipomaliza kona alinishika mkono, tukaketi chini wote wawili, tunacheka kimya kimya kama wanafunzi msikitini.

Asubuhi ile alinyamaza. Tulilala kifudifudi nyuma ya mawe, mbali kidogo na kidimbwi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutamka neno. Kwale walikuja kwa miguu, mmoja mmoja, wanene, na michirizi ubavuni. Nikapiga bismillahi, nikalenga. Moyo ulikuwa ukidunda hata mtutu ukitikisika. Nikasubiri utulie, haukutulia, nikafyatua.

Kundi likaruka. Mmoja akabaki chini, bawa limevunjika, akaanza kukimbia kupanda kilima. Nikaacha bunduki nikamfukuza. Mavyaa akanipita. Mtu wa miaka hamsini na kitu, kanzu kaikusanya mpaka magotini, anaruka mawe na kupiga kelele, "Mzuie! Mzuie huko!" Alimbana kwenye mwanya wa jabali, akamshika mabawa.

"Haya, chinja."

"Chinja wewe, mama."

"Kapigwa na nani?"

Sikuwahi kuchinja kitu maishani. Kule kwetu alikuwako mtu wa kazi hiyo, na mimi nikikimbilia ndani. Nilichukua kisu tulichokuja nacho. Kwale alikuwa na joto, mwepesi kuliko nilivyofikiri, na jicho lake lilikuwa likinitazama. Nilisema nilichotakiwa kusema, nikachinja, kisha nikalia. Mavyaa hakunicheka. Alinimiminia maji mikononi kutoka kwenye chupa, akanisugua damu katikati ya vidole.

"Umefanya vizuri," akasema. "Kisu kilikuwa kikali, hakuteseka."

Alimpika mwenyewe, kwa tui la kopo, ndimu na pilipili manga, akanikataza hata kukoroga. Jumatano ile mume wangu alikaa, akatazama bakuli.

"Kuku gani huyu, mbona kama kifaranga?"

"Kwale," akasema mama yake. "Kampiga mkeo."

Akacheka, akadhani ni mzaha, mpaka alipotema kirisasi kwenye kiganja. Akakigeuzageuza, akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akaendelea kula.

Mavyaa alichukua kipande kimoja. Alikitafuna kwa muda mrefu, macho kayafumba. Tukangoja.

"Siye yule," akasema hatimaye. "Wa Pemba alikuwa na mafuta." Akachukua kipande chengine. "Lakini mtamu huyu. Jumamosi tutoke tena?"

Tulitoka baridi ile yote na nyengine tatu zilizofuata. Siku nyingi tulirudi mikono mitupu, na sijui kama kuna siku tuliyojuta. Kule juu ya mawe ndiko alikonisimulia jinsi bavyaa alivyokuja kumposa, na jinsi walivyofika Oman na mabegi mawili na watoto wanne. Mimi nilimsimulia Bujumbura na ziwa lake. Watoto wangu walipozaliwa tukapunguza, na miaka ya elfu mbili ilipoingia nyumba mpya zikapanda mpaka vilimani, kwale wakahamia mbali.

Yeye mwenyewe alipiga mara moja tu, asubuhi ya mwisho tuliyotoka pamoja. Aliomba bunduki, akalenga muda mrefu, mtutu kauegemeza juu ya jiwe, jicho moja kalifumba kwa mkono, akafyatua. Kirisasi kikagonga jabali, kundi zima likaondoka.

Akanirudishia bunduki, akajipangusa vumbi.

"Nilitaka kuwashtua tu," akasema. "Mimina kahawa."