Nilimwambia Mpiga Nyatiti Masikio Yake Yamezeeka

Mimi ni mjinga. Naanza hapo ili usipoteze huruma yako bure. Wengine wakiungama hulia kwanza, halafu wanasema shetani aliwapitia. Mimi shetani hakunipitia, alikuwa na shughuli zake. Haya niliyafanya mwenyewe, mchana kweupe, nimeshiba, hedfoni zikining'inia shingoni kama medali!

Nina studio ndogo Migori mjini. Narekodi kwaya, mahubiri, matangazo ya mazishi. Jina langu litakusaidia nini? Tafuta jamaa aliyebandika godoro kuukuu ukutani kuzuia mwangwi, akajiita prodyuza. Tuko wengi, na wote tuna vichwa vikubwa.

Januari alinijia Mwalimu Akinyi. Anafundisha sekondari Homa Bay lakini kwao ni Kisegi. Baba yake, Mzee Okech, ni mpiga nyatiti. Kama huijui nyatiti, ina nyuzi nane, na mpigaji hukaa chini karibu kabisa na ardhi. Vidole viko kwenye nyuzi, njuga ziko mguuni, na kidole gumba cha mguu kimevaa pete nene ya chuma. Pete hiyo anaigonga kwenye ubao: ka! ka! ka! Ukiitoa hiyo pete umebaki na mzee anayekuna nyuzi.

"Baba ana nyimbo ambazo hakuna mwingine anayezijua," Mwalimu aliniambia. "Za watu waliohamia huku kwetu, ukoo kwa ukoo. Nataka zihifadhiwe vizuri, wajukuu wazisikie."

"Mwalimu, hapa umefika," nikamjibu.

Umefika! Ningekuwa yeye ningegeuka nirudi nilikotoka.

Nilienda Kisegi siku tatu. Tulirekodia ndani ya kanisa lao. Mzee alikuja na koti lake zuri, akanisalimia kama mtu mkubwa, akapiga nyimbo ishirini na mbili. Mkono ulikuwa ukitetemeka akishika kikombe, lakini ukigusa nyuzi unatulia. Hata mimi, na kiburi changu chote, nilisahau kuangalia mashine.

Nikarudi Migori. Laptopu ilikuwa imejaa pomoni na kesho yake kulikuwa na kwaya ya kurekodi. Zile nyimbo za mzee zilikuwa faili kubwa kubwa, hazijabanwa. Mtu mwenye akili angetafuta diski nyingine. Mimi nikasema, aah, nabana zote ziwe MP3, kiwango cha chini kabisa, halafu nafuta zile kubwa.

Kubana sauti ni hivi. Programu inatupa vile vipande inavyodhani sikio halitagundua vimetoka. Ikitupa kidogo, hujui kitu. Ikitupa sana, inaanza kukudanganya.

Kwa hiyo inatakiwa ujaribu kabla ya kufuta. Mimi nilijaribu. Unajua nilijaribu na nini? Na mahubiri! Pasta anaongea polepole, nasikiza kwa simu. Nikaona sawa kabisa.

Studio tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Rhobi, Mkuria wa Isebania, mtengenezaji wa matangazo. Kwenye kompyuta yake alikuwa na folda aliyoiita Wasumbufu. Ndani kulikuwa na funguo zikianguka sakafuni, makofi ya akina mama wa kwaya, kijiko kikigonga glasi, mvua ikianza kwenye mabati. Akipata programu mpya ya kubana sauti, hao wasumbufu ndio anaotanguliza. Halafu anakuambia ugeukie ukuta, anacheza sauti halisi na iliyobanwa bila kusema ipi ni ipi, wewe utaje. Ukizitambua kila mara, basi kubana kumeharibu.

Mimi nilikuwa nikimwita Profesa wa Vijiko. Mbele ya wateja!

"Umejaribu na nini?" akaniuliza siku hiyo.

"Mahubiri."

"Mahubiri ni uji, kila programu inameza. Jaribu na mguu wa mzee. Sauti ya kugonga ndiyo ngumu. Ukibana hivyo inamwagika, unasikia mchakacho hata kabla pete haijagonga."

"Rhobi, hao watu wa Kisegi watasikiza kwa visimu vya mulika mwizi. Nani atajua?"

"Mzee atajua."

"Mzee ana miaka themanini!"

"Dakika tano tu, buda. Geuka ukutani nikuchezee."

Dakika tano. Nikamwambia akacheze na vijiko vyake. Nikafuta zile faili kubwa, nikamwaga na pipa la taka, na kesho yake nikarekodi kwaya juu yake. Zikaisha hivyo. Nyimbo za ukoo kwa ukoo zikalaliwa na soprano.

Mwisho wa Februari nikapeleka kazi Kisegi. Mwalimu Akinyi aliazima spika kubwa ya kanisa. Majirani wakaja, mabenchi yakatolewa nje, chai, samaki na nyoyo, yale mahindi ya kuchemshwa na maharagwe, vikaandaliwa. Mzee Okech aliketi mbele kabisa na koti lake lile. Nikabonyeza, nikakunja mikono kifuani kama mtu aliyeumba muziki.

Wimbo wa kwanza haukufika katikati. Mzee akainua mkono.

"Tienda ni kanye?" akauliza kwa Dholuo. Mguu wangu uko wapi?

Nikasimamisha wimbo.

"Nasikia kama mtu anakaanga kitu," akasema. "Halafu pete inagonga ndani ya maji. Njuga nazo zimekuwa mchanga. Huyu si mimi."

Kila mtu akanigeukia. Kwenye ile spika kubwa hata mimi nilisikia kitu hakiko sawa. Nikajiambia ni spika ya kanisa, mbovu. Ningesema tu, Jaduong', wacha nikaangalie. Maneno matatu, na la kwanza ni heshima tu ya kumwita mzee! Badala yake nikatabasamu, lile tabasamu letu sisi tuliosoma kozi ya miezi mitatu.

"Jaduong', mashine haidanganyi," nikamwambia. "Ni masikio tu. Umri ukienda, zile sauti nyembamba hupotea. Masikio yamezeeka, hiyo ni kawaida."

Vijana wawili nyuma wakacheka. Nikamgeukia Mwalimu Akinyi nikaanza kumwaga maneno makubwa ya studio, nusu yake hata mimi siyaelewi. Alimwangalia baba yake muda mrefu.

Mzee akatazama chini. "Inawezekana," akasema. "Inawezekana, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Nilimtukana mbele ya watu wake, na bado akaniita mwanangu. Mimi nikakaa nikala samaki wao. Niliomba na kichwa cha samaki!

Kurudi Migori nikamhadithia Rhobi kama kichekesho. Hakucheka. Alichukua nati kubwa ya chuma, akaigonga kwenye kigoda cha mbao, akarekodi, akaibana kwa kiwango changu kilekile.

"Geuka ukutani."

Nikageuka nikicheka. Alicheza mara kumi, akichanganya. Kicheko kiliisha kwenye mara ya kwanza. Chuma halisi kililia kama muwa ukikatwa. Kile kilichobanwa kilikuwa panga likipiga gunia lenye maji, na mbele yake ule mchakacho wa kukaanga alioutaja mzee. Hakukuwa na kubahatisha.

"Kumi kwa kumi," Rhobi akasema. "Masikio yako ni mazima. Ya mzee pia ni mazima. Nenda ukamwambie, na mashine uibebe, mrekodi upya."

"Nitaenda."

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Kisegi si mwezini. Unapanda gari asubuhi, mchana uko huko. Lakini mvua ikanyesha. Halafu kukawa na kwaya. Halafu nikawa na mafua, mimi ambaye siumwi! Kila wiki nilikuwa na sababu, na kila sababu nilikuwa naiosha na kuipiga pasi mpaka inafanana na ukweli. Usiseme niliona aibu. Mtu mwenye aibu angeenda. Mimi nilikuwa nalinda jina, jina la jamaa wa magodoro.

Mei Rhobi akafungasha kompyuta yake akarudi Isebania kufungua pake. "Kukosea unaweza kukosea," aliniambia mlangoni. "Lakini wewe unajua na umenyamaza. Siwezi kukaa na hiyo." Nikamwambia aende salama na vijiko vyake.

Agosti akaja jamaa wa Kisegi, mchimba dhahabu huko Macalder, kurekodi tangazo la mazishi ya shangazi yake. Nikamuuliza, kwa kujifanya, kama nyatiti itakuwepo.

"Tulimtaka Mzee Okech," akasema, "lakini aliacha kupiga tangu mwisho wa Februari. Anasema hasikii tena mguu wake, ataaibisha watu. Ameifunga nyatiti kwenye gunia."

Kumbe aliniamini! Mzee aliyepiga maisha yake yote aliacha masikio yake mwenyewe akaamini yangu!

Asubuhi iliyofuata nilikuwa barabarani na mashine begani. Nilimkuta ameketi nje, blanketi miguuni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mwalimu Akinyi alikuwa likizo, akatoka jikoni akipangusa mikono.

"Alipigwa na kiharusi wiki tatu zilizopita," akasema.

Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nikasema yote: mahubiri, faili nilizofuta, nati ya Rhobi. "Jaduong', masikio yako yalikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeharibu."

Mzee alisikiza mpaka mwisho. Maneno yalimtoka polepole, lakini yalitoka.

"Ulijua lini?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Machi, Jaduong'."

Akauangalia ule mkono.

"Machi," akasema, "nilikuwa na mikono miwili."

Mwalimu Akinyi aliokota mashine yangu, akanipa mkononi, akanionyesha njia. Hata mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningepata kitu cha kulalamikia njiani.

Bado narekodi kwaya. Watu bado wananiita prodyuza, na kila wakiniita nawadharau kidogo, halafu najidharau zaidi.

Wewe mwenzangu wa studio, jaribu na sauti ngumu kabla hujafuta kitu, na anayekuambia hivyo usimcheke. Lakini hilo ni dogo. Mashine ikikosea, kosa lina dawa kwa siku chache. Dawa hiyo nilikuwa nayo miezi mitano, mgonjwa akiwa mzima, nami nikaikalia. Ukijua umemkosea mtu, mwambie siku hiyohiyo, hata kama maneno mazuri hujayapata. Mimi niliyapata yote, na nilifika nikakuta hayana kazi.